LSAT: Mtihani wa Kuingilia Sheria Usiouliza Sheria

Anayetaka kusoma sheria katika vyuo vikuu vya Marekani hukutana kwanza na mtihani uitwao LSAT, na wengi hushangaa kukuta hauna kifungu hata kimoja cha sheria. Hauulizi katiba, mikataba, jinai wala mirathi. Una aya fupi zenye hoja, una matini ndefu za kusoma kwa makini, na una saa inayohesabu dakika 35 kwa kila sehemu. Aliyesoma fizikia, muziki au kilimo huukalia sawa na aliyesoma siasa. Kinachopimwa ni namna mtu anavyosoma: anaona mwandishi anadai nini, dai hilo limeegemea ushahidi upi, na kati ya ushahidi na dai pana pengo gani.

Ndiyo maana maandalizi yake hayafanani na ya mitihani mingine. Hapa hakuna muhtasari wa kukariri wala mada za kubashiri, na anayekesha usiku wa mwisho akidurusu huamka amechoka bila kuongeza alama. Kinachobadilishwa ni mazoea ya kusoma, na mazoea hubadilika polepole, kwa miezi, kwa kufanya maswali na kuyachunguza makosa moja baada ya jingine.

Mtihani huu ni wa nani

Nchini Marekani sheria haisomwi moja kwa moja baada ya sekondari. Mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida ya miaka minne, katika somo lolote. Kisha ndipo huomba nafasi ya shahada ya sheria iitwayo Juris Doctor, ambayo huchukua miaka mitatu kwa anayesoma muda wote. Waombaji hutoka vyuo mamia kwa mamia, kila kimoja na ukali wake wa kusahihisha. Alama ya juu katika uhandisi kutoka chuo kimoja na alama ya juu katika historia kutoka chuo kingine si rahisi kulinganishwa. Vyuo vya sheria vilihitaji kipimo kimoja kwa wote.

Wazo hilo lilitoka Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945, na mtihani wa kwanza ulifanyika Februari 1948. Leo unasimamiwa na LSAC, baraza la udahili wa vyuo vya sheria lenye makao yake Newtown, jimbo la Pennsylvania. Vyuo vingi vya Kanada vinavyofundisha sheria kwa Kiingereza navyo huutumia. Miaka ya karibuni baadhi ya vyuo vya Marekani vimeanza kupokea pia mtihani wa GRE, ule wa jumla wa kuingilia masomo ya uzamili. Chuo Kikuu cha Arizona kilifungua njia mwaka 2016 na Harvard kikafuata mwaka 2017. Hata hivyo, LSAT bado ndio unaofanywa na waombaji walio wengi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tofauti ya mifumo inafaa ieleweke mapema, isije ikampotezea fedha na muda. Tanzania na Kenya, sheria ni shahada ya kwanza, na matokeo ya sekondari ndiyo yanayofungua mlango. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimewahi kuwa na mtihani wake wa kuingilia shahada hiyo. Aliyekwisha kupata shahada ya sheria nyumbani na anataka shahada ya uzamili ya sheria Marekani, yaani LL.M., kwa kawaida haombwi LSAT. Huombwa ushahidi wa kumudu Kiingereza. LSAT unamhusu yule anayetaka Juris Doctor yenyewe, awe amesoma Dar es Salaam, Nairobi au Minneapolis. Na anayetazama Uingereza kwa shahada ya kwanza ya sheria atakutana na mtihani mwingine, LNAT, unaotumiwa na vyuo kama Oxford: maswali 42 ya kuchagua jibu kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40. Nao pia hauulizi sheria, na mengi yanayofuata hapa kuhusu kusoma hoja yanafaa kwa wote wawili.

Sura ya mtihani

Mtihani una sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika kumi baada ya sehemu ya pili. Sehemu mbili ni za kuchambua hoja na moja ni ya ufahamu. Sehemu ya nne ni ya majaribio: LSAC hupima humo maswali yanayokusudiwa kwa mitihani ijayo, na haihesabiwi. Inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu, inaweza kuja mwanzo au mwisho, na mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kwa hiyo kila sehemu hufanywa kama inayohesabiwa. Anayepoteza dakika akijaribu kuotea ipi ni ya majaribio anajiibia mwenyewe. Kila sehemu ina maswali 25 hivi, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua.

Haikuwa hivi siku zote. Kwa miongo kadhaa kulikuwa na sehemu iliyoitwa michezo ya mantiki, yenye mafumbo ya kupanga watu kwenye viti au shughuli kwenye ratiba, ambayo karibu kila mtu aliitatua kwa kuchora. Mwaka 2011 Angelo Binno, mwombaji asiyeona kutoka Michigan, alifungua kesi akidai kuwa sehemu hiyo inawabagua wasioweza kuchora. Mwaka 2019 pande mbili zilipatana, na LSAC ikakubali kutafiti njia nyingine ya kupima mantiki. Tangu Agosti 2024 michezo hiyo haipo, na nafasi yake imechukuliwa na sehemu ya pili ya hoja. Hili lina maana kwa anayenunua vitabu vya zamani: sura zote za michezo ya mantiki ni za kuruka, na ratiba ya maandalizi iliyoandikwa kabla ya 2024 haifai kufuatwa ilivyo.

Idadi ya majibu sahihi hugeuzwa kuwa alama kati ya 120 na 180. Watahiniwa wengi huangukia kwenye miaka ya 150 au karibu yake. Anayepata 160 huwa amewapita takriban robo tatu ya wenzake. Katika vyuo kama Yale na Harvard, zaidi ya nusu ya wanaoingia wamevuka 170. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo hakuna swali la kuachwa wazi: dakika ya mwisho ya kila sehemu ni ya kujaza yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Hoja moja ikichunguzwa kwa karibu

Sehemu za hoja ndizo moyo wa mtihani, maana ndizo theluthi mbili ya maswali yanayohesabiwa. Mfano ufuatao umetungwa kwa muundo wake:

*Mwaka jana halmashauri ya mji iliweka taa katika baadhi ya barabara zake kuu. Tangu taa hizo ziwashwe, ajali za usiku katika barabara hizo zimepungua kwa nusu. Ni wazi, basi, kwamba taa ndizo zilizopunguza ajali.*

*Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linadhoofisha zaidi hoja hiyo?*

*A. Taa hizo hutumia umeme wa jua, hivyo gharama ya kuziendesha ni ndogo.*
*B. Mwezi uleule taa zilipowashwa, askari wa usalama barabarani walianza doria za usiku katika barabara hizo.*
*C. Ajali nyingi katika mji huo hutokea mchana.*
*D. Katika barabara kuu ambazo hazikuwekewa taa, idadi ya ajali za usiku haikubadilika.*
*E. Baadhi ya wakazi walipinga fedha za mji kutumika kununua taa.*

Hatua ya kwanza ni kutenga hitimisho na ushahidi. Hitimisho ni kwamba taa zimepunguza ajali. Ushahidi ni mmoja tu: taa zilitangulia, upungufu ukafuata. Hatua ya pili, kabla ya kutazama majibu, ni kuuliza pengo liko wapi. Jambo kufuatana na jingine hakuthibitishi kwamba la kwanza limeleta la pili. Huenda kuna sababu ya tatu. Aliyekwisha kuona hivyo anaposhuka kwenye majibu tayari anajua anatafuta nini.

B inaleta sababu hiyo ya tatu. Kama doria zilianza mwezi huohuo, hakuna tena uhakika kwamba taa ndizo zilizofanya kazi, na hoja inalegea. A na E zinazungumzia gharama na ridhaa ya wakazi, mambo ambayo hitimisho halikuyagusa. C inaweza kuwa kweli kabisa, lakini hoja ni ya ajali za usiku, na wingi wa ajali za mchana hausemi lolote juu yake. Jibu la kuangaliwa zaidi ni D. Linahusu mada yenyewe, linalinganisha barabara zenye taa na zisizo na taa, na linaonekana la kitaalamu. Lakini linatia nguvu: kama mahali pasipo taa hapakubadilika kitu, uwezekano kwamba taa zimesaidia unaongezeka. Ni jibu sahihi la swali lingine. Watunzi hulipanda kwa ajili ya mtahiniwa aliyesahau ameulizwa nini, na humnasa hata mtu aliyeielewa hoja yote.

Hoja hiyohiyo inaweza kuulizwa kwa namna nyingine: mwandishi amechukulia jambo gani bila kulisema? Hapa kuna kipimo kinachofaa sana, nacho ni kukanusha. Chukua jibu linalodhaniwa kuwa sahihi, ligeuze, kisha tazama kama hoja inasimama. Tuseme jibu linasema: “Magari yanayopita usiku katika barabara hizo hayakupungua sana baada ya taa kuwekwa.” Likikanushwa, magari yamepungua sana, basi ajali zimepungua kwa sababu magari ni machache, na hoja imeanguka. Jambo ambalo likikanushwa hoja huanguka ndilo dhana ambayo hoja haiwezi kukaa bila yake.

Maswali ya hoja yana familia chache tu. Mengine hutaka hitimisho litambuliwe. Mengine dhana iliyofichika. Mengine kosa la hoja. Mengine kitu cha kutia nguvu au kudhoofisha. Mengine jambo ambalo lazima liwe kweli ikiwa yaliyosemwa ni kweli. Mengine hoja yenye umbo sawa na iliyotolewa. Makosa ya kufikiri yanayojirudia nayo yanahesabika: kuchukua ufuatano kuwa usababisho, kuwahukumu watu wote kwa kuwatazama wachache, kumshambulia msemaji badala ya maneno yake, kutumia neno moja kwa maana mbili, kudai jambo ni uongo kwa kuwa halijathibitishwa. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi mtahiniwa huanza kuyatambua makosa hayo kabla hajafika mwisho wa aya, na hapo ndipo kasi inapoanza kuja yenyewe.

Masharti na vipimo

Maswali mengi hutegemea sentensi za masharti, na wengi hukosea kwa kuzigeuza vibaya. Chukua kanuni hii: “Wanachama tu ndio wanaoruhusiwa kuazima vitabu.” Inasema kwamba kila aliyeruhusiwa kuazima ni mwanachama. Kutoka hapo linapatikana jambo moja zaidi kwa uhakika: asiye mwanachama haruhusiwi. Halipatikani kwamba kila mwanachama anaruhusiwa. Huenda kuna wanachama wanaodaiwa faini ambao wamezuiwa. Uanachama ni wa lazima, lakini si lazima utoshe. Kuchanganya linalotosha na lililo la lazima ni miongoni mwa mitego inayotumiwa sana katika mtihani huu.

Dawa ni kuandika kanuni kwa alama fupi, mshale mmoja kutoka “anaazima” kwenda “mwanachama”, na chini yake mshale wa kinyume: kutoka “si mwanachama” kwenda “haazimi”. Mishale mingine yote ni haramu. Sentensi zenye “isipokuwa”, “pasipo” na “ila tu” huandikwa hivyohivyo, na kwa siku za mwanzo inafaa kila moja iandikwe kwenye karatasi hata kama inaonekana rahisi.

Maneno ya idadi nayo yana maana kali kuliko ya mazungumzo. Katika mtihani, “baadhi” ni angalau mmoja na huweza kufika wote. Mtu asichukulie kwamba “baadhi walifaulu” ina maana kuna waliofeli. “Wengi wao” ni zaidi ya nusu. Kama wengi wa wanafunzi wanaimba, na wengi wa wanafunzi haohao wanacheza mpira, basi lazima yuko angalau mmoja anayefanya yote mawili, kwa kuwa nusu mbili zilizozidi haziwezi kukosa kukutana. Lakini baadhi wakiimba na baadhi wakicheza, hakuna lazima kama hiyo.

Ufahamu

Sehemu ya ufahamu ina mafungu manne ya kusoma. Moja kati ya hayo lina matini mbili fupi zinazogusa jambo moja kwa mitazamo tofauti, na maswali yake hulinganisha waandishi. Mada hutoka kwenye sheria, sayansi, sanaa na jamii, na kila kinachohitajika kujibu kimo ndani ya matini. Mtu anayeijua mada yuko hatarini kuliko asiyeijua, kwa kuwa hujibu anachokijua badala ya kilichoandikwa.

Kosa la kawaida ni kusoma kwa kukusanya habari: majina, miaka, aina za miamba. Hizo zitakuwapo zikihitajika. Macho yatarudi kuzitafuta. Kinachofaa kukamatwa katika usomaji wa kwanza ni muundo. Aya ya kwanza imeeleza nadharia ya zamani. Ya pili imeleta ushahidi unaoipinga. Ya tatu imetoa pendekezo la mwandishi. Ya nne imekubali kasoro yake. Mtahiniwa akiweza kuisema kazi ya kila aya kwa maneno machache, na akajua mwandishi anaegemea wapi na kwa uzito gani, nusu ya maswali amekwisha kuyajibu. Jibu sahihi mara nyingi ni la kiasi: “mwandishi ana mashaka” huwa salama kuliko “mwandishi anapinga kabisa”, isipokuwa matini yenyewe imepinga kabisa.

Kwa aliyejifunza Kiingereza shuleni, sehemu hii ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi, maana sentensi ni ndefu na zimefungamana. Orodha ya msamiati humsaidia kidogo tu. Humsaidia zaidi kusoma kila siku makala ngumu za Kiingereza juu ya mambo asiyoyapenda, kisha kufunga ukurasa na kueleza kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ya nyumbani mwandishi amedai nini na kwa nini. Asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha yake hajalielewa kwa lugha ya mtihani.

Kando ya sehemu hizo kuna insha ya hoja, ambayo hufanywa siku nyingine kwa kompyuta. Mtahiniwa hupewa suala lenye mitazamo kadhaa, dakika 15 za kujipanga na dakika 35 za kuandika. Insha haitiwi alama, lakini vyuo huisoma, na asiyekuwa na insha hata moja kwenye faili lake matokeo yake huzuiliwa.

Miezi ya maandalizi

Wengi huhitaji kati ya miezi mitatu na sita, na zaidi kidogo kwa anayefanya kazi au anayepambana na lugha. Mwanzo ni mtihani mmoja kamili wa zamani, kwa saa, bila kujifunza kitu. Alama yake si ya kufurahisha, na haikusudiwi kufurahisha. Inaonyesha umbali wa safari. Aliyeanza na 145 na anayelenga 165 anajua wiki sita hazitamtosha.

Kipindi cha pili ni cha kujifunza bila saa. Maswali huchukuliwa familia moja moja, na swali moja linaweza kula dakika kumi bila hatia yoyote. Lengo ni kueleza kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila moja kati ya mengine manne ni baya. Wanaokimbilia saa mapema huzoea kukosea haraka.

Kipindi cha tatu huleta saa, kwanza kwa sehemu moja moja. Dakika 35 kwa maswali 25 ni sekunde 84 kwa kila swali, lakini muda haugawanywi sawasawa. Maswali ya mwanzo wa sehemu ya hoja kwa kawaida ni mepesi. Kumi ya kwanza yanaweza kumalizwa kwa dakika 12 au pungufu, na akiba hiyo ikaenda kwenye maswali magumu yanayokaa baada ya nusu. Swali linalogoma huwekewa alama na kurukwa. Kuling'ang'ania swali moja kwa dakika nne ni kuyauza mawili mepesi yaliyo mbele.

Kipindi cha mwisho, wiki sita hadi nane, ni cha mitihani kamili. Mmoja kwa wiki hutosha, au miwili kwa mwenye nafasi, mradi kila mmoja ufuatiwe na uchunguzi wenye muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Na uchunguzi huo una utaratibu wake. Wakati wa mtihani, kila swali lenye mashaka huwekewa alama. Saa ikiisha, majibu hayafunguliwi. Maswali yenye alama hurudiwa kwanza bila haraka, na jibu la pili huandikwa pembeni. Hapo ndipo yote mawili hulinganishwa na majibu rasmi. Swali lililokosewa kwa saa likapatwa bila saa linaonyesha shida ya kasi au wasiwasi. Lililokosewa mara zote mbili linaonyesha kwamba jambo lenyewe halijaeleweka, na dawa yake ni kurudi kwenye kipindi cha pili.

Makosa huandikwa kwenye daftari, kwa maneno ya kumfaa atakayelisoma mwezi ujao. Mstari unaosema “swali la 17, jibu ni D” haufundishi kitu. Wenye faida husomeka hivi: “Swali la kudhoofisha. Nilivutwa na A kwa sababu lilitaja gharama nami nikaona mradi ni ghali. Hitimisho halikusema kitu juu ya gharama. Kabla ya kuchagua, nirudi kusoma hitimisho.” Baada ya makosa thelathini hivi, tabia huanza kujitokeza: huyu huchukua majibu yenye maneno makali, yule husahau swali limeuliza nini, mwingine hulegea kwenye matini za sayansi. Daftari hilo linamfaa mwenyewe kuliko kitabu chochote cha dukani, kwa kuwa limeandikwa juu ya kichwa chake peke yake.

Vifaa na gharama

Maswali bora ya mazoezi ni yaliyowahi kutumika kweli. Yale yanayotungwa na makampuni ya tuisheni mara nyingi hukosa ule ukali wa maneno ambao ndio mtihani wenyewe. LSAC huweka mitihani rasmi kadhaa bila malipo kwenye tovuti yake ya LawHub, kwa sura ileile ya kompyuta itakayoonekana siku ya mtihani. Mingine mingi hufunguliwa kwa ada ya mwaka. Mwenye intaneti na nidhamu anaweza kujiandaa kwa gharama ndogo. Kozi za kulipia, ambazo zinaweza kufika maelfu ya dola, humfaa zaidi anayehitaji mtu wa kumpangia ratiba au wa kumweleza kosa ambalo ameshindwa kuliona mwenyewe.

Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 200. Juu yake kuna ada ya huduma inayokusanya vyeti na matokeo ya chuo na kuyatuma kwa vyuo vya sheria. Kwa aliyesoma nje ya Marekani na Kanada, huduma hiyo pia huyatathmini matokeo ya nje. Vyeti kutoka Afrika Mashariki huchukua muda kutumwa na vyuo vyenyewe, hivyo maombi yake yanafaa yaanze mapema, sambamba na maandalizi ya mtihani. Upo msamaha wa ada kwa waombaji wa kipato kidogo wanaotimiza masharti ya LSAC.

Mwenye ulemavu au maradhi yanayomzuia kufanya mtihani kwa utaratibu wa kawaida anaweza kuomba muda wa ziada, maandishi ya nukta nundu, programu ya kusomea maandishi au mapumziko zaidi. Ombi huambatanishwa na ushahidi wa kitaalamu na lina tarehe ya mwisho, kwa hiyo si jambo la kusubiri wiki ya mtihani.

Siku ya mtihani na baada yake

Mtihani sasa hufanywa kwa kompyuta. Tangu 2020 taratibu za mahali pa kuufanyia, nyumbani kwa kusimamiwa kupitia kamera au kituoni, zimebadilika mara kadhaa, na mtahiniwa huziangalia upya kwa LSAC kabla ya kujisajili. Jambo dogo linalowaangusha waombaji wa Kiafrika ni majina. Jina la usajili linapaswa kulingana na la pasipoti; aliyejiandikisha kwa jina lake na la baba huku pasipoti ikianza na jina la ukoo anaweza kuzuiwa mlangoni. Hilo hurekebishwa wiki kadhaa kabla, si asubuhi hiyo. Siku mbili za mwisho ni za kupumzika na kulala. Mtihani kamili unaofanywa jana yake humchosha mtu bila kumfundisha.

Matokeo hutoka baada ya wiki tatu hivi. Yanakuja na alama, nafasi ya mtahiniwa kati ya wenzake, na ukanda wa takriban alama tatu juu na tatu chini, kwa sababu hakuna mtihani unaompima mtu bila kupepesa. Mtu huyohuyo, bila kujifunza kitu kipya, anaweza kupata 158 mwezi mmoja na 161 mwezi mwingine. Kwa hiyo kigezo cha kurudia kinatoka kwenye mitihani ya mazoezi. Kama wastani wa mitihani mitano ya mwisho nyumbani ulikuwa 164 na siku yenyewe ikatoka 158, kurudia kuna maana. Kama wastani ulikuwa 158, kilichotoka ndicho kilichokuwapo, na kurudi bila kubadilisha namna ya kujiandaa ni kulipia jibu lilelile.

Mtahiniwa anaruhusiwa kufanya mtihani hadi mara tano ndani ya kipindi cha miaka mitano ambacho matokeo hubaki hai, na mara saba katika maisha yake yote. Vyuo huona matokeo yote ya kipindi hicho, ingawa vingi hutilia uzito alama ya juu zaidi. Vyuo vingi pia hupokea maombi kuanzia Septemba na kuyasoma kadiri yanavyofika, nafasi na ufadhili vikipungua kila mwezi. Anayepanga kuanza masomo Agosti hufanya vyema kuukalia mtihani mara ya kwanza katikati ya mwaka unaotangulia, ili nafasi ya kurudia, ikihitajika, iangukie kabla ya Desemba. Akihesabu kurudi nyuma miezi sita kutoka mtihani huo wa katikati ya mwaka, siku ya kufanya ule mtihani wa kwanza wa zamani huwa ni Desemba au Januari.